Rafiki hana kiti kwenye kikao cha ukoo

Huku kwetu Busia, upande wa Uganda, kijana akifa, jioni ya mazishi wazee wa ukoo huvuta viti chini ya mwembe wakaanza kikao. Watasema watoto wabaki na nani, funguo ashike nani, mrithi awe nani. Mashangazi watakaa, wajomba watakaa, na yule binamu aliyefika asubuhi kutoka Nairobi, ambaye hajamtia marehemu machoni miaka sita, naye atapewa kiti. Wewe uliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili utakuwa nyuma ya jiko unahesabu sufuria za kuazima zirudi kwa wenyewe. Hakuna aliyekukosea. Rafiki si damu, na mila zetu nyingi hazina kiti chake.

Makala haya ni ya huyo wa nyuma ya jiko. Hoja yetu ni kwamba kukosa kiti kuna faida yake. Hakuna atakayekushuku unanyemelea kibanja, yaani kipande chake cha ardhi, kwa kuwa hata ukikitaka hupati. Tena unajua mambo ambayo ukoo hauyajui: chama alichokuwa akiweka akiba, nani alimkopesha, pikipiki ilikuwa bado na deni kiasi gani, na alipokuwa na miaka kumi alikuwa mtu wa namna gani. Ukoo utagawa kinachoonekana. Visivyoonekana viko kichwani mwako.

Siku za matanga, kazi inayokufaa ni daftari. Nunua la kurasa 96, wala si karatasi za kuchanachana, maana hizo hupotea kabla jeneza halijashuka. Piga mistari upate safu nne: jina, kiasi, njia iliyokujia (mkononi, simu, ahadi), na sahihi ya aliyepokea. Ahadi ziandikwe kwa kalamu nyekundu na zijumlishwe peke yake. Msiba wa vijana huharibikia hapo: mtu anajumlisha ahadi na pesa, anatangaza kwamba "tuna milioni tatu", mwingine anakimbia kuagiza jeneza la bei ya juu, kumbe mkononi mna laki tisa, na mwenye mahema anasubiri getini. Halafu mshika pesa asishike kalamu. Hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, wawe watu wawili.

Mabugo, yaani rambirambi wanazotoa wenzetu wa kabila la Baganda, mara nyingi hupewa mkononi, na wengi hawatajitaja. Andika hivyohivyo, "hakujitaja", na kiasi. Zile za simu zipokelewe kwenye laini moja, na jina la mwenye laini litajwe kwenye kundi la WhatsApp mapema, ili anayetuma akiona jina hilo kabla ya kuthibitisha asisite. Waombeni watu watume na ya kutolea. Serikali hukata asilimia 0.5 ya kila kinachotolewa kwenye simu, na ada ya kutoa iko juu yake. Kwenye milioni moja kodi peke yake ni shilingi 5,000. Ndiyo maana ni afadhali kumlipa mwenye gari na mwenye mahema kwa simu kuliko kutoa taslimu ikaanza kupita mikononi mwa watu.

Chakula nacho hukosewa kila mara. Kwa watu 100, mlo mmoja, tumia kilo 25 za unga wa posho (ugali wa mahindi), kilo 12 hadi 15 za maharage makavu, lita 3 za mafuta na nusu kilo ya chumvi. Maharage yalowekwe usiku. Yasipolowekwa, na yakiwa ya msimu uliopita, yanaweza kukaa motoni saa nne, na posho itapoa huku watu wanayangoja. Unga nunua mfuko mmoja wa ziada uukalishe bila kuufungua. Usipotumika, muuza duka wa jirani atakubali kuurudisha. Marehemu akiwa Muislamu, huna usiku wa kuloweka kitu, maana anazikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Hapo chukua mchele, kilo 15 kwa watu 100, na moto uwashwe wakati wengine wameenda kuosha maiti.

Kaburini hutangazwa kwamba anayemdai marehemu na anayedaiwa naye waende kwa fulani. Wanaodai watakuja wote, na mmoja wawili wasiodai chochote watajiunga nao. Wanaodaiwa hawaji. Hapo ndipo rafiki anapohitajika, kwa sababu wewe unajua alimkopesha nani laki mbili mwezi wa tatu. Mwambie mjane au mama mzazi kwa faragha, andika kwenye daftari, usilitangaze kaburini. Madeni ya kweli hulipwa kabla mali haijagawanywa, kwa sheria ya nchi na kwa sharia ya Kiislamu pia, kwa hiyo orodha hii ina uzito kuliko hotuba yoyote utakayosoma siku hiyo.

Sasa watu wametawanyika, mahema yamefungwa, ni wiki ya pili. Kuanzia hapa kazi ni ya karatasi, na wafiwa wengi huishiwa nguvu kwenye karatasi.

Anza na kifo chenyewe. Kifo husajiliwa NIRA, ofisi ambayo kwa sheria ya mwaka 2015 ndiyo inayosajili watu, vizazi na vifo. Aliyefia hospitali ana karatasi ya hospitali. Aliyefia nyumbani au njiani mtahitaji barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa pale alipokuwa akiishi, na kama ni ajali, karatasi ya polisi. Kinachokwamisha ni jina. Kwenye kitambulisho cha taifa ni Muhammad, benki ni Mohamed, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni Mudi. Au majina yaleyale matatu yamepinduliwa mpangilio. Kabla hamjajaza fomu yoyote, tandazeni karatasi zake zote mezani na mfuate herufi za kitambulisho cha taifa. Penye tofauti, wakili ataandaa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kuandaa kiapo kimoja mapema ni rahisi kuliko kurudi mjini mara tatu. Cheti kikitoka, toeni nakala kumi, na cha asili kisitoke mikononi mwa mjane au mama.

Huku mpakani marehemu mara nyingi alikuwa na laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, zote zina pesa. Inawezekana namba za siri unazijua, maana vijana huambiana. Usizitumie. Sheria inaruhusu mtu kuilinda mali ya marehemu na kugharimia mazishi, lakini kuendelea kuchota humo bila barua za usimamizi wa mirathi ni kuingilia mali isiyo yako. Kuna jambo baya zaidi la kibinadamu: siku ujumbe wa "umetoa 400,000" utakapoonekana kwenye simu yake, wewe ndiwe utakuwa mwizi wa kijiji. Zichaji simu, zizimwe, laini zikae ndani ya bahasha yenye jina, mjane azitunze. Mwenye barua za usimamizi ataziwasilisha kwa kampuni ya simu na kulipwa salio. Asikawie mno, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine.

Barua hizo hutolewa na mahakama. Safari huanzia kwa ofisi ya serikali ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, iliyo chini ya Wizara ya Sheria. Makao yake ni Kampala na ina ofisi za kanda, ikiwemo Mbale, ambako watu wa mashariki hawahitaji kupitiliza hadi mjini mkuu. Mnakwenda na cheti cha kifo, barua ya LC1, vitambulisho vya familia na muhtasari wa kikao cha familia unaosema nani amependekezwa. Ofisi ikiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo ombi liende mahakamani na tangazo litolewe ili mwenye neno aseme. Akipewa barua, msimamizi ana miezi sita kuwasilisha mahakamani orodha ya mali, na mwaka mmoja kutoa hesabu. Tangu marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022, barua zenyewe huisha nguvu baada ya miaka miwili mahakama isipoziongezea muda. Wengi hawalijui hili. Wanazifungia kabatini kama cheti cha ndoa, wakija kuuza kipande cha ardhi ili walipe karo wanakuta zimekwisha.

Kuhusu mgao, kama hakuacha wosia, na kijana wa miaka thelathini huacha wosia wapi, sheria hiyo inatoa asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mke au mume, 4 kwa ndugu waliokuwa wakimtegemea, na 1 kwa mrithi wa kimila. Nyumba waliyokuwa wakiishi haimo kwenye mgao huo. Mjane na watoto hukaa humo, na kuwafukuza au kujaribu kuwafukuza ni kosa la jinai. Familia nyingi za Kiislamu humwita sheikh agawe kwa sharia, na mgao wa huko una hesabu yake. Hata hivyo benki na ofisi ya ardhi zitadai barua za mahakama.

Palipo na maumivu zaidi ni hapa, kwa hiyo tuseme bila kuzunguka. Vijana wengi hukaa pamoja bila ndoa. Wamezaa watoto wawili, majirani wanamwita mama wa watoto "mke wa fulani", lakini hakuna nikahi, hakuna kanisa, mahari haijapelekwa wala hakuna ndoa ya kimila. Kwa sheria ya Uganda huyo si mjane. Ile asilimia 20 haimhusu. Watoto ni warithi kamili, wawe wa ndani au wa nje ya ndoa, mradi ubaba unathibitika. Basi nguvu zote zielekezwe kwenye karatasi za watoto: vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba, kadi za kliniki, fomu za shule alizotia sahihi yeye. Na kama ndoa ya kimila au nikahi ilifanyika na wewe ulikuwepo, wewe ni shahidi. Picha ya siku ile iliyo kwenye simu yako ichapishwe leo.

Kuna ushahidi mwingine ambao rafiki huusahau. Kijana akinunua kibanja hamwiti baba yake kwenye makubaliano, humwita rafiki. Tafuta nakala yako. Huenda sahihi yako iko pale chini, karibu na ya mwenyekiti wa LC1. Nenda na mjane na jirani wa kila upande mkaitembelee mipaka, miti ipigwe picha, na muuzaji asalimiwe aone kwamba kuna watu wanaokumbuka. Muuzaji mbaya huwa hasubiri mwaka kabla hajauza mara ya pili.

Halafu kuna pesa ambazo hakuna anayezidai kwa sababu hakuna anayejua zipo. Aliyekuwa ameajiriwa anaweza kuwa na akiba NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri akaongeza 10. Familia yake ina haki ya mafao ya warithi. Aliyefia kazini, au kwa ajali iliyotokana na kazi, sheria ya fidia ya wafanyakazi inawapa wategemezi wake mapato ya miezi 60, na pa kuanzia ni kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mwajiri atakuja na bahasha ya "pole" na karatasi ya kutia sahihi. Mwambieni mama asitie sahihi siku ya msiba. Pikipiki ya mkopo nayo, kabla haijachukuliwa, ulizeni kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha. Mikopo mingi inayo, mkopaji mwenyewe aliilipia bila kujua, na deni hufutwa kwa cheti cha kifo. Mkopeshaji hana haraka ya kuwakumbusha. Vilevile chama cha akiba: uliza alimwandika nani kama wa kupokea fungu lake.

Karo. Uganda ina mihula mitatu kwa mwaka, na ahadi nyingi zilizotolewa kaburini hufa muhula wa pili. Ukisema "nitamsomesha mtoto huyu hadi chuo kikuu" huku unalia, hujui unachosema. Ahidi kitu kimoja chenye kipimo: sare, au chakula cha mchana shuleni, au karo ya muhula wa kwanza kila mwaka. Shule ya serikali chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997, haitozi karo, lakini mtoto bado anahitaji sare, madaftari, chakula cha mchana, na ile orodha ya mahitaji ambayo mwalimu humpa mzazi: rimu ya karatasi, ufagio, karatasi za chooni. Mtoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya ufagio. Shilingi 50,000 zinazofika kila muhula kwa miaka saba zina faida kuliko 500,000 za siku ya mazishi, ambazo zitaishia kwenye deni la mahema.

Lipa shuleni moja kwa moja, kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, kisha mpelekee mama risiti. Si kwamba mama haaminiki. Pesa iliyo mkononi mwa mfiwa ina wagonjwa wake, wageni wake, na shemeji mwenye shida kila wiki, na hawezi kumkatalia. Risiti inamkatalia kwa niaba yake. Mtoto akifika darasa la saba, hakikisha jina atakaloandikishiwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ndilo lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kuja kulirekebisha baadaye ni safari ndefu.

Mkiwa kundi la mliosoma pamoja, fanyeni hesabu kabla ya kusema. Watu 12 wakitoa 20,000 kwa mwezi ni 240,000, kwa mwaka 2,880,000. Lakini Januari na Februari hakuna atakayetoa, kila mtu ana watoto wake, kwa hiyo panga miezi kumi, 2,400,000, na ujue kwamba wawili watapotea njiani. Pangeni matumizi kwa milioni mbili. Pesa isikae kwenye simu ya mweka hazina. Itachanganyika na mboga ya nyumbani kwake bila nia mbaya yoyote. Fungueni akaunti ya watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa, au kama mko kijijini tumieni kisanduku cha kufuli tatu kama vikundi vya akiba, funguo zikikaa kwa watu watatu, kisanduku kwa wa nne. Wenye munno mukabi, vile vikundi vya kusaidiana wakati wa shida, tayari wanaijua nidhamu hii. Hesabu isomwe kwa sauti kila mara, hata kama hakuna kilichobadilika.

Kutembelea kuna adabu yake. Usiende mikono mitupu: sukari kilo mbili, mche wa sabuni, mkate. Kama wewe ni mwanamume na marehemu ameacha mjane kijana, nenda mchana, na mkeo au na mwenzako, na upitie kwanza kwa mama mkwe wake kusalimia. Mtaa una macho, na uvumi utamuumiza shemeji kuliko wewe. Tarehe za kukumbuka zaidi ni zile ambazo hazitangazwi: siku aliyozaliwa, siku matokeo ya mitihani yanapotoka na mama yake anaona wenzake wanapiga vigelegele. Lumbe (sherehe ya kumaliza matanga) na arobaini zina watu wa kutosha. Ukifika, litaje jina lake. Usiseme "Mungu alimpenda zaidi", wala usimwambie mama kwamba bado ana watoto wengine. Mwambie jambo moja ambalo mwanawe alifanya na yeye hakulijua, hata kama ni la kuiba maembe.

Na hapo tunafika kwenye kazi ambayo ukoo hauwezi kuifanya. Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, chini ya chama chao cha NACWOLA, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto ambao walidhani hawatawaona wakikua. Kila mama aliandika ukoo, siku mtoto alipozaliwa, anachopenda, mambo ya nyumbani. Desturi hiyo ilienea nchi nyingine. Aliyekufa ghafla hakupata nafasi ya kuandika, lakini nusu ya kitabu chake iko kwako.

Chukua daftari gumu la kurasa 200, moja kwa kila mtoto, si moja la kugombania. Kila jambo lipate ukurasa wake, na juu ya ukurasa andika jina la anayesimulia na tarehe. Andika vitu vidogo: jina la utani na lilikotoka, timu aliyoshabikia, mwalimu aliyemwogopa, wimbo aliouimba vibaya, kovu la mguuni alilipata wapi, alivyocheka. Mambo makubwa, kwamba alikuwa mkarimu na mchapakazi, watayapata kwenye hotuba ya mazishi na hayatawasaidia kumwona. Ugomvi wenu pia uandike, usimgeuze malaika. Mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kushindana na malaika. Jinsi alivyokufa andika kwa ukweli, kwa sentensi fupi, baada ya kukubaliana na mama yake, ili mtoto asije akaisikia mara ya kwanza kwa mtu wa sokoni.

Mketi na bibi yake mtoto, simu irekodi huku anasimulia kwa lugha yake mwenyewe, Kisamia au Kinubi au chochote anachootea ndoto, usimlazimishe Kiswahili. Dakika ishirini kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo anachoka na kulia. Rekodi iitwe kwa jina na tarehe, na ihifadhiwe mahali pawili. Picha za karatasi ziandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kutoa doa upande wa uso. Zilizo Facebook zichukue mapema: mtandao huo umefungwa nchini tangu Januari 2021, watu huuingia kwa VPN, na akaunti isiyo na mwenyewe ni rahisi kutekwa na tapeli akaanza kuwaomba marafiki zake pesa kwa jina la marehemu.

Acha kurasa thelathini za mwisho tupu, mtoto atauliza maswali na majibu yatahitaji pa kukaa. Daftari moja likae kwa mama, nakala yake kwa bibi, ndani ya plastiki na juu ya kabati, mbali na ukuta, maana mchwa wa huku hawabagui karatasi.